KUPIMA MWENDO WA NDEGE KATI YA VISIWA VIWILI

Ascension na Saint Helena ni visiwa vidogo vya Waingereza katika bahari ya Atlantiki, kusini ya Ikweta. Kiwanja cha ndege cha Ascension kilijengwa na Wamarekani mwaka 1942. Cha Saint Helena kilianza kupokea ndege za abiria za kila juma mwaka 2017. Kati ya visiwa hivyo hakuna nchi kavu hata kidogo. Kwa hiyo rubani hana budi kujua umbali kabla ya kutia mafuta.

Umbali huo haupimwi kwa rula juu ya ramani ya ukutani, maana dunia ni mviringo, na karatasi ni bapa. Mwalimu na achukue tufe la dunia na uzi. Auvute uzi sawasawa toka kisiwa hata kisiwa, autie alama, kisha aulaze juu ya mstari wa Ikweta na kuhesabu digrii. Ataona zapata 11 na sehemu 7 za kumi.

Kila digrii ni maili 60 za baharini, na kila maili hiyo ni meta 1,852. Zidisha 11.7 kwa 60: jawabu ni maili 702, yaani kilometa 1,300.

Wanafunzi na waangalie sana. Alama ikipungua kwa digrii moja tu, hesabu hupungua maili 60. Rubani akitia mafuta kwa hesabu hiyo, yaweza kumwishia juu ya maji, asione mahali pa kutua.