Gongo, Mpira na Mifupa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mpira wa kriketi wa wanaume una uzito wa gramu 156 hadi 163. Ukija kwa kilomita 126 kwa saa na kurudishwa kwa kasi hiyohiyo, unagusana na gongo kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Piga hesabu: nguvu ya wastani ni nyutoni 11,000 na ushei, sawa na uzito wa gari dogo, na kileleni inapanda zaidi. Katika muda huo hakuna msuli unaofanya lolote. Kama gongo litapasuka au taya itavunjika, sababu yake imeshatendeka kabla ya mpira kufika. Nafundisha mchezo huu, na nimechoka kuona watu wakiumia kwa mambo ambayo wangeyamaliza nyumbani.

GONGO: FANYA

Ligonge kwanza. Mwerebi, mti unaochongewa magongo, ni mwororo, na kiwandani uso wake hukandamizwa kiasi tu. Chukua nyundo ya mbao, gonga polepole kwa saa kadhaa, siku baada ya siku, ukizidisha nguvu kidogokidogo. Kingo zigonge kwa mshazari. Nyuzi zikishikana, pigo linatawanyika. Zisiposhikana, nguvu yote inatua mahali padogo na mti unafunguka. Kisha tumia mpira mkuukuu kwa mikwaju mepesi. Mpira mpya uje mwisho kabisa.

Kijana mmoja alilitoa gongo kwenye plastiki mlangoni mwa neti, akaenda moja kwa moja kukabili mpira mpya. Kabla mazoezi hayajaisha, ufa ulikuwa umeanzia ukingoni na kupanda na nyuzi za mti hadi karibu na tumbo. Baba yake alitaka dukani wambadilishie. Duka lilikuwa na kosa gani?

Lipake mafuta ya mbegu za kitani, membamba, kwa kitambaa. Ukililowesha, unaongeza uzito na kulegeza mti.

Ifunge ncha kinga ya raba. Ncha ni nyembamba, na ndiyo inayopokea mipira ya miguuni. Kwenye zege inasagwa pia.

GONGO: USIFANYE

Usiliache kwenye buti la gari juani. Mti uliokaushwa kupita kiasi hupasuka.

Usilisimamishe kwenye majani yenye maji. Ncha hunywa, huvimba, halafu hufunguka kwa pigo la kwanza.

Usinunue unene. Tangu Oktoba 2017 sheria inaruhusu ukingo wa milimita 40 na kina cha milimita 67, basi. Na liwe la mti: Dennis Lillee wa Australia aliingia na la alumini mjini Perth mwaka 1979, Waingereza wakalalamika kwamba linaharibu mpira, na sheria ikabadilishwa.

Usimpe mtoto gongo la mtu mzima eti “atalikulia”. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Gongo la kilo 1.2 tayari ni mara saba na nusu ya uzito wa mpira. Ukiongeza gramu mia, mpira hauambulii cha maana. Mtoto ndiye anayepoteza kasi ya mkono, na kasi ndiyo inayopeleka mpira. Anachelewa, mpira unagonga ncha, au vidole. Mnunulie gongo la kimo chake, na wa chini ya miaka 13 acheze na mpira wao, wa gramu 133 hadi 144. Mzazi mwenye akili hamvalishi mtoto viatu vya babake. Kwa nini gongo?

MIKONO: FANYA

Kutana na mpira tumboni mwa gongo, kama sentimita 15 kutoka ncha. Hapo gongo hutetemeka kidogo sana. Ule mtikiso unaochoma viganja ni nishati iliyokosa kwenda kwenye mpira.

Ukidaka, rudi na mpira. Unaokuja kwa mita 30 kwa sekunde umebeba jouli 72. Usimamishe ndani ya sentimita 2, na mikono inapokea nyutoni 3,600. Rudi nao sentimita 30, ni 240. Chagua.

MIKONO: USIFANYE

Usibane mpini ukidhani unaongeza nguvu. Mtetemo unahitaji muda kufika mikononi na kurudi, na mpira hausubiri. Unachopata ni mkono mgumu na uchovu.

Usipige bila glavu, hata “mpira mmoja tu”. Kidole kilichobanwa kati ya mpira na mpini hakina pa kukimbilia.

KICHWA: FANYA

Vaa helmeti, mazoezini pia. Pima nafasi kati ya ukingo wa juu na vyuma vya usoni: mpira usipite. Ongeza kinga ya shingo. Mpigaji wa Australia, Phillip Hughes, alipigwa na mpira shingoni, chini ya helmeti, mjini Sydney tarehe 25 Novemba 2014, akafariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 25. Australia ililazimisha kinga hiyo dhidi ya warushaji wa kasi mwaka 2023.

Helmeti ikipigwa sawasawa, itupe. Sponji ya ndani huokoa kichwa kwa kubonyea, yaani kwa kurefusha muda wa pigo. Iliyokwisha kubonyea haina cha kurefusha, hata kama nje inang'aa.

KICHWA: USIFANYE

Usivue helmeti kwa sababu mrushaji ni wa polepole. Viwanja vingi vya shule kwetu ni zege lililotandikwa mkeka, na mpira huruka juu kuliko unavyotarajia.

Usimrushie mpigaji kutoka mita 10 ukiwa wazi. Mpira unaorudi kwa kilomita 120 kwa saa unakufikia kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Hutakwepa. Walimu wenzangu, nyinyi ndio wakaidi zaidi hapa. Simama nyuma ya wavu. Peleka vipimo vya fremu ya wavu kwa mafundi wa chuma wa Kamukunji, Nairobi, wakuchomelee. Mpira wa wakubwa una kipenyo cha sentimita 7 na ushei, kwa hiyo matundu yawe madogo zaidi. Yapime kwa mpira wa watoto, maana huo ndio mdogo.