TANGI TUPU NDILO LA KUOGOPWA

Shule yetu inanuia kuchimba tangi la chini ya ardhi nyuma ya bwalo, ili maji ya mvua yatokayo mapaani yasizidi kufurika bweni la chini. Ni jambo jema. Baada ya mafuriko ya masika ya 2024, nani hajui ubaya wa maji yaliyokosa pa kwenda? Lakini kila tangi hili linapozungumziwa, nasikia saruji, nondo na gharama tu. Udongo hautajwi. Nami naona udongo ndio wa kuulizwa kwanza, tena maswali matatu.

Kwanza, ni udongo wa aina gani? Upande wa Kikuyu mna udongo mwekundu. Upande wa Embakasi na Athi River mna ule mweusi ambao mafundi huuita bleki kotoni. Mweusi huu ukinywa maji huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka nyufa. Tangi lililojengwa juu yake husukumwa wakati wa masika na kukosa egemeo wakati wa kiangazi; mwisho wake ni kuvuja. Hapa kwetu mna udongo huohuo. Dawa ni kuuondoa chini na kandokando ya tangi, kisha kujaza moramu na kuishindilia vizuri.

Pili, maji ya ardhini yako umbali gani? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Hudhani tangi lililojaa ndilo la hatari. Kumbe tangi tupu huweza kuelea! Hebu tupige hesabu. Tangi lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kina cha mita 2, tukipima kwa nje, lina ujazo wa mita 24. Maji ya ardhini yakipanda hadi usawa wa paa lake, hulisukuma juu kwa tani 24; ndiyo kanuni ya Archimedes tuliyofunzwa katika fizikia. Kuta, sakafu na paa zikiwa na unene wa sentimita 20, zege lote ni kama mita za ujazo 9, yaani tani 22 hivi. Tani 24 zikishindana na 22, tangi litainuka na kukata mabomba. Dawa ni kuongeza unene wa sakafu, au kuipanua ipite kuta ili udongo uikalie.

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa tangi letu tuseme: ukiona halielei, limeundwa.

Tatu, kingo za shimo zitasimama? Udongo ukilowa huporomoka ghafla, na mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani mbili. Aliye ndani hana pa kukimbilia. Basi kingo zilazwe mteremko au zizuiwe kwa mbao, na udongo uliochimbwa urundikwe mbali na ukingo.

Pendekezo langu ni hili: kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, fundi achimbe shimo dogo la majaribio wakati wa masika, lipite kina cha tangi. Tutazame rangi ya udongo, tulifunike na kulizungushia ua, kisha tupime maji yanaposimama. Vipimo hivyo apewe mhandisi. Shimo hilo ni gharama ndogo. Tangi lililopasuka ni hasara ya miaka.