Mana Ile Ile

Somo: Kutoka 16:13–31, Hesabu 11:4–20

Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana niliona maombi yetu ya Jumatano yamepoa. Watu wanapiga miayo, wengine wanachungulia simu. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikafikiri kama mtu wa soko: bidhaa imezoeleka, ibadilishwe. Tukaleta nyimbo mpya kila wiki, wahubiri wageni, taa za rangi, hata viti tukavipanga duara. Wiki tatu za kwanza tulijaa hadi mlangoni. Ya nne tukarudi pale pale. Nikatafuta jipya lingine, likadumu wiki mbili. Lililofuata halikumaliza hata moja. Siku moja mama mmoja mzee akanishika mkono pale nje, akaniuliza, "Pasta, ule wimbo wetu mliupeleka wapi? Huo ndio hunifungua moyo niombe." Nikakosa jibu.

Chuoni tulifundishwa jambo ambalo Mjerumani Hermann Heinrich Gossen aliliandika mwaka 1854: ukizidi kuongeza kitu kile kile, raha ya kila nyongeza inapungua. Chapati ya kwanza unaifurahia. Ya tano unaimaliza tu kwa sababu ishawekwa kwa sahani. Ni kweli kabisa, lakini mimi nilikuwa nahesabu maombi kama chapati.

Hebu tuwaangalie Waisraeli. Katika Kutoka 16:31 mana ina ladha ya asali. Tukifika Hesabu 11, wameila kama mwaka mmoja hivi tu (linganisha Kutoka 16:1 na Hesabu 10:11), na tayari wanalia wakikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri. Ati samaki walikula bure! Mhasibu yeyote atauliza, bure kivipi? Walilipa kwa kufyatua matofali, na watoto wao wa kiume wakatupwa mtoni. Ukishachoshwa na ulicho nacho, bei ya kile cha zamani unaisahau.

Tena soma aya ya 8. Mana hiyo walikuwa wanaisaga, wanaitwanga, wanaipika chunguni, wanaifanya mikate. Mapishi yalikuwa yamebadilishwa tayari, na bado wakachoka! Walipotaka nyama, Mungu akawaambia wataila mwezi mzima hadi iwatoke puani. Mana ilichukua mwaka kuwachosha. Nyama ingehitaji mwezi tu.

Sisemi jambo jipya ni dhambi. Zaburi 96 inatuambia tumwimbie Bwana wimbo mpya, na nyinyi vijana, tafadhali endeleeni kutunga. Lakini mtu ataniuliza, kwani Yesu hakukataza kurudia-rudia katika Mathayo 6:7? Alikataza kupayuka-payuka, kule kudhani wingi wa maneno ndio utakufanya usikiwe. Usiku wa Gethsemane yeye mwenyewe aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale (Mathayo 26:44). Shida ilikuwa ile ile, na Baba ni yule yule.

Na mana, ukiiweka hadi kesho yake, iliingia mabuu na kunuka (Kutoka 16:20). Chakula ni kile kile, lakini ilibidi utoke asubuhi ukaokote cha leo. Hapo ndipo nilipoanguka. Nilikuwa nimeacha kuokota. Nilikuwa nasimama Jumatano na maombi ya wiki iliyopita, moyo uko kwingine, halafu nalaumu ratiba.

Katika ushirika wa nyumbani wiki hii, kila mmoja ataje jambo moja alilokuwa akilifurahia mbele za Bwana na sasa analifanya kwa mazoea tu, na aseme alianza kuchoka lini. Msikimbilie kushauriana. Sikilizaneni kwanza.

Yule mama nimeshamwomba msamaha. Kwa wiki sita zijazo, Jumatano saa kumi na mbili jioni, tutaanza na wimbo wake, beti zote, kisha tunapiga magoti. Mgeni hakuna, na viti tumevirudisha. Nilipomwambia, aliniuliza tu kama kinanda kitapigwa polepole kama zamani.