Neno "Get" na Maana Zake Nyingi

*Bwana Mhariri, najifunza Kiingereza kwa bidii, lakini neno "get" lanitia mashaka: leo ni kupata, kesho kufika, mtondo kuwa. Nitalidhibitije? – Msomaji, Tanga.*

Ndugu msomaji, mashaka hayo si dalili ya uzito wa akili, kwani neno hilo, lenye asili katika lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza karne ya 9 na ya 10, lilianza na maana ya kupata, likazidi kuenea hata likashika kazi za vitenzi vingi, kama kitenzi chetu "piga" kinavyokubali simu, pasi, picha na hodi.

Tazama kwanza neno linalolifuata "get". Likifuatwa na kitu, "get a letter", ni kupata barua. Likifuatwa na sifa, "get old", ni kugeuka hali, yaani kuzeeka. Likifuatwa na mahali, "get home", ni kuwasili nyumbani. Taabu halisi imo katika vijineno: "get up" ni kuamka, "get over" ni kupona maradhi au kupoa machungu ya msiba, na hapo kanuni haifai kitu, hivyo yahifadhi mafungu hayo ya maneno mazima mazima, kila moja ndani ya sentensi uliyoisoma au kuisikia.

Katika barua rasmi heri utumie "receive" au "become". Sentensi ikikukatalia kabisa, muulize mwalimu, au fungua kamusi ya wanafunzi, mathalani ile ya A. S. Hornby. Anza na mafungu matano juma hili, na uyatumie katika maongezi.