Onja Kwanza: Ununuzi katika Soko la Wakulima Urusi

Ukifika Kuznechny, soko la mjini St Petersburg, usikimbilie kufungua kibeti. Muuza asali atakuonjesha. Wa kabichi iliyochachushwa kwa chumvi naye vivyo hivyo. Onja, pita meza ya pili, rudi, ndipo uulize, "Skolko?" yaani, bei gani? Ukibembeleza, pengine atakupunguzia.

Zamani uhuru huo haukuwa mdogo. Mwaka 1932 serikali ya Stalin iliwaruhusu wakulima wa kolkhozi, yaani mashamba ya pamoja, kuuza ziada yao kwa bei ya soko, baada ya serikali kutwaa fungu lake. Katika maduka ya serikali bei ilikuwa imepangwa, hakuna kubishana. Ni foleni tu, na mara nyingi bidhaa zenyewe hakuna. Sokoni vyakula vilikuwako, lakini ghali ajabu! Mwenye mshahara mdogo alionja kwa macho.