Bei ya Gari-Nyumba Iko Paani

Elkhart, jimbo la Indiana, ndiko kitovu cha utengenezaji wa magari-nyumba nchini Marekani. Yaani magari yenye vitanda, jiko na choo ndani. Katika soko la yaliyokwisha tumika, mnunuzi makini haishii kwenye injini. Hupanda ngazi akatazama paa.

Mengi huezekwa shiti la raba aina ya EPDM juu ya mbao za plaiwudi. Raba hudumu miaka. Kinachochoka mapema ni gundi ya kuzibia kandokando, kwenye kiyoyozi na matundu ya hewa. Ufa mwembamba kama uzi hupitisha maji, plaiwudi ikaoza kimya kimya, na doa likionekana darini hasara imekwisha ingia.

Mwenye gari hukagua walau mara mbili kwa mwaka. Mirija michache ya gundi ni gharama ndogo mno kuliko kung'oa paa zima. Lakini silikoni ya kawaida haishiki vizuri juu ya EPDM, tena huzuia gundi ifaayo kushika baadaye. Kuosha ni kwa maji na sabuni laini. Vimiminika vya petroli huvimbisha raba.

Muuzaji akisema paa limezibwa upya, muulize kwa gundi gani. Kisha bonyeza kwa kiganja pembeni mwa matundu: pakibonyea, bei ishuke.