Kulala depo penye vidonge vya dawa

SWALI: Ninalinda depo ya maharagwe na mahindi hapa Kashebere. Bosi ametia vidonge vya kuua fukusi katikati ya magunia. Usiku baridi ni kali, kwa hiyo ninalala ndani. Kuna hatari, daktari?

JIBU: Ipo, ndugu yangu, na kubwa. Usiku wa leo usilale humo.

Vidonge vinavyotumiwa zaidi kwa kazi hiyo ni vya fosfaidi ya alumini. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa fosfini, gesi inayoua fukusi na mtu vilevile, na hospitali haina dawa ya kuiondoa mwilini. Pengine utasikia harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Usingoje harufu hiyo, kwani pua huweza kuizoea. Kichwa kikiuma, ukatapika au pumzi ikabana, toka nje mara moja, uende kituo cha afya na kutaja dawa iliyotumiwa. Vidonge usivimwagie maji: gesi itafoka, hata kuwaka moto.

Kwenye baridi kama ya milima yenu, vidonge huchelewa kuisha. Depo ifungwe siku zilizoandikwa kwenye kopo, kisha milango na madirisha yaachwe wazi kwa saa nyingi kabla ya mtu kuingia. Mwombe bosi akujengee kibanda cha mlinzi mbali na ukuta wa depo. Akikataa kwa sababu ya gharama, mwambie kuna mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa bila sumu yoyote.